Faili Haliombi Kibali

Wazee wangu, walimu wa vyuo vya ufundi, kina mama wasusi, vijana, ndugu zetu wakimbizi wa Kakuma mliopata kibali cha kutoka kambini na kufika hapa Lodwar, Kaunti ya Turkana, na nyinyi wengine mtakaousoma mhadhara huu ukiwa umepigwa chapa kwa sababu kibali hakikutoka: nazungumza nanyi nyote.

Nimeombwa nizungumzie mashine zinazopokea mchoro kutoka kwenye kompyuta na kuufanya kitu cha kushikwa mkononi, na jinsi msanii au fundi wa huku kwetu anavyoweza kuzijifunza. Kwa anayeanza, mashine zenyewe si nyingi. Kuna plota, ile ya kukatia stika. Kuna ya leza, inayokata na kuchoma alama kwenye mbao nyembamba, ngozi na kadibodi. Kuna ya kuchonga mbao, ambayo mafundi wa Nairobi huiita CNC. Kuna printa ya 3D, inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Na kuna mashine ya kudarizi kwa kompyuta, ambayo watu huisahau kwa kuwa wameizoea kwenye maduka ya sare za shule. Zote huongozwa na faili lenye mchoro, na asiyejua kuliandaa faili hilo hata akipewa karakana nzima atabaki mtazamaji.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiyekubaliana nami aanze kupanga hoja zake. Mafunzo ya namna hii huku kwetu mara nyingi huanzia mwisho. Mfadhili hununua printa ya 3D kwa sababu inapendeza kwenye picha za ripoti. Huchaguliwa vijana wenye vyeti vya kompyuta, wakafundishwa siku chache, wakachapisha kishikio cha ufunguo chenye majina yao, kisha mashine ikafunikwa kitambaa ikingoja mgeni mwingine. Mimi ningeanza na plota. Ningewaita wachora mabango, mafundi cherehani na wasusi kabla ya wenye vyeti. Na ningefundisha kuchora kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kubonyeza kitufe cha kuwasha.

Mafaili yenyewe Turkana haijayakosa. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Sonia Harmand na Jason Lewis walipata mawe yaliyogongwa yakapata makali huko Lomekwi, magharibi mwa ziwa letu, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba yana umri wa miaka milioni 3.3. Hakuna vifaa vya mkono vinavyojulikana ambavyo ni vya kale kuliko hivyo. Najua kila mgeni rasmi anayepanda jukwaani Lodwar huanzia hapo, akatuita chimbuko la binadamu, akapigiwa makofi, akaketi. Mimi nina haja nyingine na mawe hayo. Baadhi yake yamepigwa skani, na miundo yake iko kwenye tovuti ya African Fossils, kazi ambayo Louise Leakey wa Turkana Basin Institute ameishughulikia sana. Unaligeuza jiwe kwenye skrini upande huu na ule, unalipakua, na ukiwa na printa unalichapisha. Ipo pia mifupa ya mabonde haya, yakiwemo mafuvu ambayo asili yake imefungiwa kwenye makumbusho ya Nairobi.

Mwanafunzi wa Texas anaweza basi kushika nakala ya jiwe la Lomekwi asubuhi hii hii. Nawauliza walimu wa hapa: shule yenu imewahi kulichapisha? Sisemi hivi kwa lawama. Nasema kwa sababu ni somo la kwanza zuri mno kwa printa ya 3D. Mwanafunzi halazimiki kuunda umbo kutoka mwanzo. Anajifunza kulilaza jiwe upande utakaohitaji vihimili vichache, kulipunguza hadi nusu ya ukubwa, na kuamua unene wa tabaka. Akitumia milimita 0.3 makali yanapotea na kubaki kibonge. Akishuka hadi 0.1 pale lilipogongwa panaonekana wazi, ila saa za kuchapisha zinaongezeka karibu mara tatu. Hapo amejua gharama ya ubora, na amejifunzia kwenye kitu cha kwao.

Historia ya karakana zenye mashine hizi nitaipitia haraka. Neil Gershenfeld wa chuo cha MIT, Marekani, alianza mwaka 1998 kufundisha somo la kutengeneza karibu kitu chochote, akidhani angepata wahandisi wachache. Wakamjia wasanii na wachoraji wa majengo kwa wingi. Kutoka hapo zikazaliwa karakana za umma zinazoitwa fab lab, nazo zikafika India, Ghana, hatimaye Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata yake, na Kamau Gachigi aliyeiongoza akaja kuanzisha Gearbox, karakana ambayo fundi wa jua kali anaweza kuingia. Roy Ombatti akaanzisha AB3D, inayounda printa za 3D hapo hapo Nairobi ikitumia pia vipuri vya mitambo iliyotupwa. Huko Togo, mwaka 2013, Afate Gnikou aliunda printa kwa mabaki ya kompyuta na skana kuukuu. Hawa wawili wa mwisho ndio ninaotaka vijana wawaige, kwa sababu walianza kwa kuifungua mashine. Kutoka Nairobi hadi hapa ni takriban kilomita 700. Nozeli, yaani pua ya printa yenye tundu la milimita 0.4, ikiziba na wewe hujui kuifungua, unasubiri basi la Kitale lilete fundi au kipuri, na wiki imekwisha. Somo la kufungua, kusafisha na kufunga tena liwe la siku ya kwanza.

Sasa tutazame tulicho nacho. Ukingoni mwa Ziwa Turkana kuna kampasi ya Startup Lions, iliyojengwa kwa ajili ya shirika la Learning Lions na kukamilika mwaka 2021. Aliyeisanifu ni Francis Kéré wa Burkina Faso, ambaye mwaka uliofuata akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo. Ile minara yake mirefu aliiwaza kutokana na vichuguu vya mchwa vya nchi hii: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, hewa nyingine huingia kwa matundu ya chini, na kompyuta hazipikwi. Humo vijana hujifunza kazi za kompyuta, ukiwemo usanifu wa picha, wakatafuta wateja mtandaoni.

Vijana hao wanachora vizuri, lakini mchoro wao huishia kwenye skrini. Kuuvusha hadi kwenye mashine si safari ndefu. Wajifunze kupima kwa milimita badala ya pikseli. Wajifunze kufunga kila mstari, maana mstari ulioachwa wazi macho hayauoni, ila kisu kitauona. Ningependa kuona nembo iliyochorwa kwenye kampasi hiyo ikikatwa, ikabandikwa kwenye mtumbwi wa wavuvi wa Kalokol, na mwaka mzima ukapita ikiwa bado inasomeka.

Upande wa pili wa kaunti kuna Kakuma. Kambi ilianza mwaka 1992, baadaye yakaongezwa makazi ya Kalobeyei, na leo wanaishi huko watu zaidi ya laki mbili: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi, Waethiopia na wengine. Mwaka 2018 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilitoa utafiti ulioitazama Kakuma kama soko, likahesabu maduka zaidi ya 2,100, ya jumla yakiwa 14. Watu wa maendeleo waliushangilia utafiti huo kwa sababu zao. Mimi niliposoma hesabu hiyo niliwaza mabango. Maduka 2,100 ni majina 2,100 juu ya milango, na kinyozi, na hoteli, na duka la simu lenye bei zinazobadilika kila mwezi. Hapo ndipo penye plota.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye plota, kwa maana ndiyo mashine isiyopewa heshima. Ni kisu kidogo kinachotembea juu ya stika kikifuata mchoro. Bei ya plota ndogo haifikii ya bodaboda mpya. Umeme inaoula ni mdogo, sola ya nyumbani yenye betri nzuri inaitosha. Haina moto, haina moshi, na ikikosea umepoteza kipande cha stika tu. Lakini ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo leza na CNC zitakuja kudai.

Somo lenyewe liende hivi. Mwanafunzi anapewa kompyuta yenye Inkscape, programu ya kuchorea isiyolipiwa. Anaambiwa achore duara. Halafu anaonyeshwa kwamba duara hilo limeshikwa na nukta nne tu, na kila nukta ina mikono miwili ya kuvuta mkunjo. Baadaye anapiga picha ya ngamia kwa simu, anaiamuru programu iifuate picha na kuifanya mistari, na anafurahi kwa kuwa ngamia ametokea. Mwalimu amwambie akate. Kisu kitatetemeka, kwa sababu ngamia huyo ana nukta maelfu, na stika itachanika miguuni. Sasa arudi achore ngamia upya kwa mkono, kwa nukta chache awezavyo. Ni kazi ya siku nzima, pengine mbili. Akimaliza, atakuwa amemtazama ngamia kuliko alivyowahi kumtazama, hata kama amelelewa nao.

Kisha herufi. Jua la hapa halina huruma na stika: baada ya muda inapauka na kukunjamana pembeni. Kwa hiyo bango la mabati ni bora lipakwe rangi, na plota itumike kukata kielelezo cha kupitishia rangi. Hapo mwanafunzi anagundua kwamba tumbo la herufi O limedondoka na kubaki shimo. Itabidi aache madaraja madogo ya kulishika tumbo hilo, na madaraja yakae mahali ambapo jicho litayakubali. Mchora mabango wa Kakuma aliyefanya kazi hii kwa brashi miaka kumi hana haja ya kuelezwa mara mbili. Kijana wa cheti atayaweka madaraja popote. Ndiyo maana nasema mchora mabango akae kiti cha mbele darasani. Pia kwa sababu plota isiyomhusisha itamnyang'anya mkate wake, nayo ikimhusisha itampa kazi ya wiki moja kwa siku moja.

Kuna na fulana. Karatasi ya kubandikwa kwa pasi lazima ikatwe mchoro ukiwa umegeuzwa kinyume, kama kwenye kioo. Kila darasa lina mtu atakayesahau na kutembea mjini na jina la timu lililoandikwa kinyumenyume. Msimcheke sana. Hatasahau tena, hata atakapofika kwenye leza.

Kuhusu mafundi cherehani sitasema mengi. Kakuma ina washonaji wa kitenge hodari, wengi kutoka Kongo, na mashine ya kudarizi kwa kompyuta ndiyo daraja lao la asili. Wanachohitaji kujifunza ni kuueleza uzi uelekee wapi, maana ua lile lile likijazwa kwa mishono ya mlalo au ya mshazari hung'aa tofauti. UNHCR ina mpango wake wa MADE51 unaouza nje kazi za mikono za wakimbizi, kwa hiyo soko la kazi nzuri limeanza kuonekana.

Nije kwa kina mama wasusi. Kikapu cha Lodwar hutengenezwa kwa miaa ya mkoma. Msusi hushika kishada cha miaa, akakizungushia ujani mwingine, akakishonea kwenye mzunguko uliotangulia, na kikapu hupanda mzunguko baada ya mzunguko. Printa ya 3D hufanya kazi hiyo hiyo, tofauti ni kwamba uzi wake ni plastiki na mzunguko wake una unene wa milimita 0.2; chombo cha kimo cha sentimita 10 ni mizunguko 500. Ipo hata namna ya kuchapisha ambamo printa haiinui pua kabisa, inapanda kwa mzunguko mmoja usiokatika kutoka kitako hadi mdomo. Msusi anajua kwamba mzunguko wa juu ukitokeza nje mno kuliko wa chini, ukuta unalegea. Katika printa sheria ni ile ile: ukuta ukiinama kupita takriban digrii 45 bila kihimili, plastiki huning'inia. Mwanafunzi wa uhandisi huisoma sheria hiyo kwenye kitabu, mama wa Kalokol anayo vidoleni.

Kwa hiyo msimwite mama huyo aje kuuza vikapu mlangoni mwa maonyesho yenu ya teknolojia. Mketisheni mbele ya skrini na mtu wa kumsaidia kubofya. Mwacheni aamue kipenyo cha kitako, mzunguko wa ngapi ndipo tumbo lianze kutanuka, na wapi rangi ibadilike. Sidhani anapaswa kuacha miaa na kuanza kuuza vikapu vya plastiki. Hilo lingekuwa hasara na aibu. Faida yake ni nyingine. Anaweza kujaribu maumbo kumi kwenye skrini kabla ya kusuka moja. Anaweza kuchapisha kalibu ya kusukia juu yake ili vikapu ishirini vya mnunuzi wa hoteli vitoke na kipimo kimoja, jambo ambalo huwasumbua wasusi kila wanapopata oda kubwa. Anaweza kukata kifuniko cha mbao kwa leza kikaingia sawasawa kwenye mdomo wa kikapu.

Nimesema leza, na leza inanilazimu nizungumzie hali ya hewa. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi vimeandikwa na watu wa baridi. Mrija wa leza ya kawaida hupozwa kwa maji, na maji hayo hutakiwa yawe kati ya nyuzi 15 na 25 hivi. Lodwar mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita, na kila mtu hapa anajua maji ya tangi jeusi saa nane mchana yanatosha chai ya mvivu. Mrija ukifanya kazi kwa maji hayo nguvu yake hushuka na maisha yake hufupika. Fundi wa Lodwar afanye nini? Kwanza akate mbao alfajiri hadi saa nne, kisha mchana achore. Pili atumie ukavu wa hewa yetu, ambao Mombasa hawana: maji yakipitishwa kwenye chombo kilichofunikwa gunia bichi na upepo ukapita, yanapoa kwa nyuzi kadhaa bila senti ya umeme. Mtungi wa udongo umefanya kazi hiyo majumbani tangu zamani. Tatu, atenge pesa ya kipoza maji cha kweli kabla ya kununua mashine.

Ukavu huo una baraka nyingine. Uzi wa plastiki wa printa hunyonya unyevu, na pwani huharibika upesi usipofungiwa, huku unakaa. Lakini plastiki iliyozoeleka, ile ya PLA inayotokana na wanga wa mimea, hulegea ikifika nyuzi 60 hivi. Acha kazi yako kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Lodwar, urudi uikute imeinama. Kwa kitu cha kukaa nje tumia plastiki ya aina ya PETG, au usichapishe kabisa. Vumbi nalo huingia kwenye reli na mikanda. Funika mashine, futa reli kila asubuhi, usipake grisi nyingi kwa maana vumbi hushika grisi.

Na usalama, kwa sababu nimeona vijana wakiichukulia leza kama mchezo. Ngozi bandia ya viti vya matatu mara nyingi ni PVC. Ukiikata kwa leza inatoa gesi yenye klorini, ambayo hula mapafu yako kwanza kisha chuma cha mashine. Plastiki ya jerikeni huyeyuka na kushika moto badala ya kukatika. Ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa maganda ya miti ndiyo rafiki. Iliyolainishwa kwa kromi moshi wake ni sumu. Turkana ina mbuzi wengi na ina migunga ya kutoa maganda. Chuo chochote cha hapa kikitaka kuunganisha somo la ngozi na somo la leza, malighafi ziko nje ya geti.

Mbao je? Tuna mathenge. Mti huu uliletwa kuzuia jangwa ukageuka balaa. Wenzetu wa Baringo waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake, mbuzi ambaye nadhani ndiye shahidi aliyesikilizwa kwa makini kuliko wote. Tumezoea kuuchoma makaa. Lakini mbao yake ni ngumu na haisinyai sana ikikauka, tabia inayotakiwa hasa kwenye CNC, ambapo kiungo kilichokatwa leo lazima kiingiane mwezi ujao. Shina lake ni jembamba na limepinda, hivyo usitegemee kupata meza. Tegemea vigae, vishikio, vifungo, fremu ndogo na vipande vya kuunganisha. Usanifu uanze na saizi ya mti uliopo.

Sasa jambo la mali. Ekicholong, kigoda ambacho mzee wa Kiturkana hukalia mchana na kukilalia kichwa usiku, kinaweza kupigwa picha pande zote kwa simu, programu ikaunda umbo lake, na CNC ya Guangzhou ikakichonga mara elfu. Kenya inayo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka idhini ya jamii kabla ya matumizi ya namna hiyo na kuzipa kaunti kazi ya kutunza rejista. Rejista isiyojazwa haimlindi mtu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoi, kwa tahajia yake, kama alama yake ya biashara. Wakenya wakapinga na ombi halikufaulu, lakini ilibidi mtu agutuke kwanza. Wanafunzi wenyewe wangepewa kazi ya kupiga skani ya ekicholong na elepit, chombo cha kukamulia maziwa, pamoja na jina la mchongaji, mahali na masharti ya matumizi, yakaingia kwenye rejista ya kaunti. Tamasha la Tobong'u Lore huwakusanya wachongaji hapa Lodwar. Kazi hiyo ingefanyika humo humo.

Lakini si kila mtu anaweza kufika Lodwar, na hapo ndipo ninapofika kwenye kibali. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, barabara ni ya lami. Kijana wa Lodwar hupanda matatu akaenda. Mkimbizi mwenye kipaji kile kile huomba karatasi ya kusafiri, akangoja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua baadhi ya milango, ila huo wa kutembea bado unabanwa. Wapo wanaosema basi teknolojia imetatua: mkimbizi achore kambini, atume faili, Lodwar ikate, naye alipwe kwa simu. Faili haliombi kibali. Ni wazo zuri kwa kuanzia, na lifanyike.

Lakini tusilifanye kuwa mpango wa kudumu. Pwani yetu ilipitia mpangilio huo. Wafanyabiashara wa Mombasa na Zanzibar waliamua michoro na maneno ya kanga, kisha zikachapishwa Uingereza, Uholanzi, na baadaye Japani na India, zikarudi kwa meli. Wenye maduka walipata faida yao. Ufundi wa kuchapisha, rangi na mitambo, ulikaa ng'ambo kwa miongo mingi, na viwanda vyetu vya nguo vilipokuja kufunguliwa vilianza vikiwa nyuma. Mtu anayechora bila kuiona mashine ikikata hajui kwa nini kona yake ilivunjika. Hajui kwamba leza hula sehemu ya milimita kila inapopita, wala kwamba mbao iliyoandikwa milimita 3 dukani huwa pungufu ya 3 ukiipima. Huambiwa tu na mtu wa mbali kwamba faili lake lina makosa, na malipo yake yakapunguzwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ya kaunti, kwa vyuo vya ufundi na kwa mashirika yanayoandika bajeti ya mwaka ujao ni hili. Plota na mashine za kudarizi ziwepo pande zote mbili, kwa kuwa ni nafuu. Mafundi wanaofundisha useremala, uchomeleaji na ushonaji, wakiwemo wa chuo cha Don Bosco kule Kakuma, wafundishwe kwanza, ndipo wao wafundishe wengine. Na mkipata pesa ya leza moja na CNC moja kwa kaunti nzima, msiziweke Lodwar. Najua nimesimama Lodwar nikisema hivyo, na naona nyuso. Ziwekeni Kakuma mjini, nje ya kambi, kwenye jengo lenye matundu ya hewa na kipoza maji, mahali ambapo mwenyeji ataingia na mkimbizi ataingia. Sisi wa Lodwar tunaweza kupanda matatu, wao hawawezi.